Nani Kasema DSLR Imekufa?

Hukumu imeshasomwa, na sisi wenye kesi hatukuitwa. Muuzaji wa Kariakoo anaitangaza, kijana wa studio ya Nzega mjini anaikariri, na kila mwenye chaneli ya YouTube aliyeazimwa kamera mpya anaipigia mhuri: DSLR imekufa. Anayetaka kupiga picha za mbali, ziwe za ndege, za wanyama au za mpira, anunue kamera isiyo na kioo. Asiponunua, anatupa fedha zake. Mtajie muuzaji Nikon D500 iliyotumika uone atakavyokupa pole. "Kaka, hiyo ilishapitwa. Chukua mirolesi."

Maneno haya yangeishia Dar es Salaam nisingejisumbua kuandika. Yamefika mpaka huku Lusu, na huku yana gharama. Mpiga picha wa wilaya ya Nzega hanunui kamera kwa kujifurahisha. Anainunua kwa fedha ya mpunga, au kwa mgawo wa kikoba, au kwa mkopo wenye riba, akitegemea irudishe gharama kwa harusi, kwa mikutano ya siasa, kwa mechi za Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kule Tabora, na kwa wale wachache wenye subira, kwa ndege wa bonde la Wembere na wanyama wa Ugalla. Akipotoshwa huyu, kinachopotea ni ada ya mtoto.

Niiseme kwanza hoja yao kama wao wenyewe wangependa isemwe. Ndani ya DSLR mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo, hupanda juu, hugeuzwa na prizimu na kufika jichoni. Ukibonyeza, kioo huinuka na sensa hupata zamu yake. Kamera isiyo na kioo imefuta shughuli hiyo yote. Sensa inatazama muda wote, na mpiga picha anaangalia skrini ndogo iliyo ndani ya kitazamio. Kutokana na badiliko hilo moja, wanasema, neema zinafuatana: fokasi inaenea karibu fremu nzima na inalitambua jicho la ndege, hakuna haja ya kurekebisha lenzi ilingane na mwili wa kamera, unaona mwanga wa picha kabla hujaipiga, kamera haipigi kelele, ni nyepesi, na inafokasi hata kwa lenzi ya f/11, ambapo hata DSLR bora huishia f/8. Tena viwanda vyenyewe vimehama. Mwishoni mwa 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, alisema EOS-1D X Mark III ya 2020 ndiyo itakuwa DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu kabisa. Nikon tangu 2018 imehamishia nguvu zake kwenye mfumo wa Z. Pentax amebaki kama mlinzi wa usiku.

Yote hayo sawa. Ubishi wangu unaanzia pale wanaposema: basi uza ulichonacho.

1. Eti imekufa

Kiwanda kuacha kutengeneza kitu ni jambo moja, kitu hicho kuacha kufanya kazi ni jingine. Watu wa Lusu hatuhitaji semina ya kutofautisha hayo mawili. Mgodi wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, ukafungwa baada ya kama miaka 15. Kampuni ilifunga vitabu vyake ikaondoka. Dhahabu haikuondoka nayo, na wachimbaji wadogo wa wilaya hii hawakukaa matanga.

Aprili 2014 Canon ilitangaza kwamba imetengeneza lenzi ya milioni 100 ya mfumo wa EF, ulioanza 1987. Kufikia 2017 zilikuwa milioni 130. Lenzi hizo haziko makaburini. Ziko makabatini, ziko kwenye mabegi ya watu waliohamia kwingine, na nyingi zinauzwa mtumba kwa bei ambayo miaka michache nyuma ungeambiwa unaota. Sasa angalia mkanganyiko. Muuzaji yuleyule anayetangaza msiba wa DSLR anakuuzia adapta ili lenzi ya EF ikae kwenye mwili wa R, kamera ya Canon isiyo na kioo, na anakuapia kwamba inafanya kazi bila hitilafu. Hadanganyi, inafanya kazi kweli. Ila anieleze: lenzi iliyo hai ikiwa juu ya adapta, inakufaje ikirudi kwenye mwili uliotengenezwa kwa ajili yake?

Kwa Nikon habari ni chungu zaidi, na ndiyo isiyosemwa dukani. Lenzi za zamani za AF-D hazina mota ndani. Huzungushwa na mota iliyo kwenye kamera. D500 na D850 zina mota hiyo. Adapta ya FTZ haina. Mwenye 80-200 f/2.8 ya AF-D, lenzi nzito ya chuma ambayo bado inapiga mpira vizuri tu, akihamia mfumo wa Z kwa adapta hiyo atalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono wakati winga anakimbia. Hayo ndiyo maendeleo aliyouziwa.

2. Mizani

Hoja ya uzito inapendwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tuweke vitu kwenye mizani tusome namba.

Nikon D850 ya 2017, ikiwa na betri na kadi ndani, ina gramu 1,005. Nikon Z8 ya 2023, yenye pikseli milioni 45.7 sawasawa na mwenzake, ina gramu 910. Tofauti ni gramu 95. Ongeza lenzi ambazo mtu asiye tajiri hununua kwa kazi hii: 200-500 f/5.6 ya DSLR ni gramu 2,300, na 180-600 ya mfumo wa Z ni gramu 2,140 ikiwa na kola yake ya stendi. Jumla ni 3,305 upande mmoja na 3,050 upande wa pili. Ukombozi wote wa mabega tunaohubiriwa ni gramu 255, robo ya sukari na punje kidogo za nyongeza.

Ukipanda kwenye lenzi kubwa, mambo yanachekesha. Canon EF 400 f/2.8 toleo la tatu, ya DSLR, ina gramu 2,840. RF 400 f/2.8 iliyotoka 2021 kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ina gramu 2,890. EF 600 f/4 toleo la tatu ni 3,050. Ndugu yake wa RF ni 3,090. Yaani zimeongezeka uzito. Siri yenyewe si ngumu. Vioo vya ndani ni vilevile, lakini mwili wa kamera mpya ni mwembamba, kwa hiyo lenzi ilirefushwa upande wa nyuma kufidia nafasi ya kile kioo kilichotolewa. Walitoa kioo kwenye kamera, wakafunga bomba kwenye lenzi, kisha wakaitangaza kamera kuwa nyembamba.

Wala hawakuwa na namna. Milimita 600 kwa f/4 zinadai kioo cha mbele chenye kipenyo cha milimita 150, na deni hilo haliwezi kusamehewa na sensa yoyote iliyoko nyuma. Kwenye picha za karibu na za studio mwili wa kamera ni sehemu kubwa ya mzigo, na huko hoja ya wepesi ina mashiko. Kwenye picha za mbali mwili ni mkia tu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Bagamoyo na Unyanyembe na frasila mbili kila mmoja, kama kilo 32, wangemsikiliza kwa adabu mtu anayelalamikia gramu 255, kisha wangemwomba awashikie mzigo kidogo.

Watanitajia RF 600 f/11 ya 2020, yenye gramu 930. Ni kweli ni nyepesi, na ni kweli DSLR isingeweza kuifokasi. Lakini f/11 huingiza robo ya mwanga unaoingia kwa f/5.6. Alfajiri pale ndege anapoanza kushughulika, mahali ambapo mwenye f/5.6 yuko ISO 1600, mwenye f/11 yuko 6400, na kadiri jua linavyochelewa mawinguni ndivyo picha yake inavyozidi kujaa chengachenga. Wepesi ule ameulipia kwa mwanga.

3. Betri, na kazi yenyewe

Kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kinaipa D850 picha 1,840 kwa betri moja. Z8 kwa kipimo hichohicho inapata kama 340. Kweli, kipimo kile ni cha kupiga picha mojamoja kwa vituo. Ukipiga kwa mfululizo kamera zote mbili huvuka namba hizo kwa mbali sana, na wanaoitetea Z8 hawachoki kukukumbusha. Wanachosahau kukukumbusha ni kwamba lenzi ndefu haifanyi kazi kwa mfululizo. Kazi yake ni kusubiri.

Anayewajua ndege wa Wembere wakati wa kuzaliana atanielewa. Unalala kwenye ukingo wa maji kabla hakujapambazuka, lenzi imeshaelekezwa kwenye tawi, na kwa saa nzima, pengine mbili, unatazama. Yangeyange mmoja anajinyoosha shingo, huyo bado. Korongo anapanga vijiti vyake. Mnandi ametandaza mabawa anayakausha, na dalili kwamba anataka kuruka ni ndogo mno: anashusha kifua kidogo, anageuka kuelekea upepo. Ukitoa jicho kwenye kitazamio umemkosa.

Kwa DSLR kutazama huko ni bure, au karibu na bure. Ni vioo na prizimu, darubini ya kawaida. Zima kamera kabisa, bado unamwona ndege, kwa mwanga wake halisi na bila kuchelewa hata chembe. Kwa kamera isiyo na kioo kila dakika ya kutazama ni sensa imewaka, prosesa imewaka, skrini imewaka. Betri inaisha hujapiga hata picha moja. Ushauri wao ni upi? Iache ilale, uiamshe ukihitaji. Lakini ndege haombi ruhusa, na sehemu ya sekunde ambayo skrini inaitumia kuamka ndiyo hiyohiyo ambayo mnandi anaitumia kuondoka. Ukiutafakari ushauri huu utaona unachoagiza: katika kazi ambayo ni kutazama, acha kutazama.

Basi beba betri nyingi, wanasema. Haya, tubebe. Ili Z8 ifikie namba ya D850 kwa kipimo cha CIPA inahitaji betri sita kwa moja. Tano za akiba, kwa gramu kama 80 kila moja, ni gramu 400. Zile gramu 255 za ukombozi zimeliwa zote, na mirolesi sasa inazidi kwa gramu 145. Hoja ya pili imeiua hoja ya kwanza na hakuna aliyeitisha uchunguzi.

Kisha zichaji. Betri ya aina hiyo kwenye chaja yake huchukua saa mbili na nusu hivi. Sita ni saa kumi na tano, umeme usipokatika. Nguzo zimefika vijiji vingi vya mkoa huu, nashukuru, lakini nguzo kufika na umeme kuwepo usiku unaouhitaji ni mambo yanayopishana. Ukiingia Ugalla, au kule Malagarasi-Muyovozi kumtafuta korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, unategemea sola ndogo au betri ya gari la mwenyeji wako. Watakwambia Z8 huchajiwa pia kwa pawabenki. Ndiyo. Nayo ibebwe, nayo ichajiwe.

4. Jicho la ndege

Hapa ndipo wana nguvu, kwa hiyo hapa ndipo nitakaa zaidi.

Ndege anayeruka peke yake mbele ya anga tupu, kamera bora isiyo na kioo itamshika jicho na haitamwachia. Hilo silibishii. Ila hebu tujiulize ni mara ngapi ndege wa kwetu huruka mbele ya anga tupu kwa hisani ya mpiga picha. Wengi wako ndani ya matete, nyuma ya miiba ya migunga, kati ya majani makavu ya miombo yenye rangi yao. Kamera inayotafuta jicho ndani ya majani mara nyingi hulipata jani. Zile za bei ya kati zina kaida nyingine ya kuudhi: ikishashika usuli, inakaa hukohuko kwa ukaidi huku ndege akiwa mbele yake ukungu mtupu, na ukibonyeza tena inakuhakikishia kwa kijisanduku cha kijani kwamba mambo ni shwari. Mwenye DSLR anaweka pointi moja ndogo kwenye upenyo kati ya matawi mawili na kumaliza kazi. Hiyo inadai mkono uliozoea, nakubali. Na mkono uliozoea hauuzwi Kariakoo, labda ndiyo maana hautangazwi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja. Kamera nyingi zisizo na kioo hupima fokasi kwenye sensa kwa mwelekeo mmoja tu: zinaona vizuri mistari ya wima, na hubabaika mbele ya mistari ya mlalo. D500 ina pointi 153, na 99 kati ya hizo hupima pande zote mbili. Sasa mgongo wa mamba aliyelala sambamba na maji ya mto Ugalla ni nini kama si mstari wa mlalo? Dawa inajulikana: inamisha kamera kidogo, ifokasi, kisha irudishe. Mamba hatasimama wima kwa heshima ya sensa yako. Canon wenyewe walipotoa R1 mwaka 2024 walitangaza kwa fahari kwamba sasa sensa yake inapima pande mbili, yaani kitu ambacho DSLR zilikuwa nacho tangu zamani kimerudi kikiwa habari mpya, tena kwenye kamera ambayo bei yake inanunua ng'ombe wa mahari kadhaa.

Lakini haya yote ni mabishano ya pembeni. Kinachoharibu picha nyingi za mbali si fokasi. Ni umbali wenyewe. Ukiwa mita 40 kutoka kwa ndege badala ya 20, eneo analochukua kwenye sensa linashuka hadi robo, na hakuna akili bandia itakayokurudishia zile robo tatu. Kisha kuna hewa. Mbuga zetu za udongo mweusi zikishapigwa na jua mpaka saa nne asubuhi huanza kutoa joto linalochezesha hewa kama maji. Kwa macho unaiona mbali kwenye upeo wa macho. Kwa lenzi ya milimita 600 unaiona kwenye manyoya. Kamera itafokasi sawasawa kabisa, kwenye hewa inayotetemeka. Nimewaona watu wakilaumu lenzi, wakairudisha kwa aliyewauzia, wakanunua mwili mpya, wakaenda kupiga palepale saa ileile ya mchana na kupata ukungu uleule wenye pikseli zaidi.

Tiba ya hayo mawili haina chapa wala haihitaji umeme: kibanda cha kujificha cha turubai na majani, kufika gizani, na kuwa jirani mwema na wavuvi na wafugaji wanaojua ndege wanalala wapi. Kusogea karibu kunashinda milimita siku zote. Isipokuwa unapowapiga Bayeye wakicheza na nyoka wao. Hapo hata mimi nasimama mbali na kuitetea lenzi ndefu kwa moyo wangu wote.

5. Kasi

Z8 hupiga picha ghafi 20 kwa sekunde. Faili moja ghafi la pikseli milioni 45 laweza kukaribia MB 50. Zidisha: GB 1 kwa sekunde. Dakika moja ya kidole kizito ni kadi ya GB 64 imejaa, tena inayohimili kasi hiyo ni ya CFexpress, ambayo bei yake itakufanya uiulize mara mbili. Baada ya kadi inakuja kompyuta ya kuyafungua mafaili hayo, na diski ya kuyatunza, na usiku wa kuchagua picha moja kati ya mia sita zinazofanana. Mwisho wa safari mteja anasema, nitumie kwa WhatsApp. WhatsApp inaikandamiza picha mpaka D500 na Z8 haziwezi kutofautishwa hata na mama yao mzazi.

Watanijibu kwamba zipo zisizo na kioo za bei nafuu. Zipo. Canon R7 ya 2022 ilitoka kwa dola 1,500 na inajigamba kwa picha 30 kwa sekunde bila sauti. Kwa namna hiyo ya kimya, sensa yake huchukua karibu sehemu ya 30 ya sekunde kusomwa kutoka juu hadi chini, na bawa la ndege haliwezi kusubiri muda wote huo. Linatoka limepinda, kama limevunjika na kuungwa na mganga asiye na leseni. Ukitaka bawa lililonyooka, rudi kwenye shata ya kawaida. Inafanya kazi nzuri, picha 15 kwa sekunde. Na inapiga kelele.

6. Ukimya

Kwa kelele hiyohiyo tumeshamaliza hoja ya ukimya kwa watu wa kipato chetu. Kwenye harusi au msikitini una maana. Kwa mita 30 za matete na upepo, ndege amekimbia kwa sababu ulisimama.

7. Fedha

Turudi kwa kijana wa studio na fedha yake ya mpunga, kwa sababu yeye ndiye anayelipia mjadala huu.

Chukua bei zilizotangazwa Marekani wakati wa kutoka. D500 mwaka 2016 ilikuwa dola 2,000. Lenzi ya 200-500 mwaka 2015 ilikuwa dola 1,400. Jumla ni dola 3,400 kwa kamera na lenzi, vitu vipya kabisa ndani ya maboksi. Z8 mwaka 2023 ilikuwa dola 4,000 bila lenzi. Ukiwa na mwili wa dola 4,000 bila lenzi unaweza kupiga picha ya ndege sawasawa na mtu mwenye jembe la ng'ombe bila ng'ombe. Juu ya bei hizo kuna nauli, kuna VAT ya asilimia 18, kuna faida ya muuzaji. Na hiyo ni kwa bei za vitu vipya. Leo D500 na lenzi ile zinauzwa mtumba, hofu ikiwa imeshakata bei yake kabla hujafungua mdomo kuomba punguzo.

Fedha ya mpiga picha wa mbali ni moja. Kila shilingi inayokwenda kwenye mwili wa kamera imetoka kwenye lenzi, au kwenye nauli ya kwenda Wembere, au kwenye siku ya pili ya kusubiri baada ya siku ya kwanza kutoka patupu. Kinachoamua picha ni hivyo vitatu, na mwili unafuata nyuma. Wanaohubiri mirolesi wameugeuza mpangilio huo juu chini. Matokeo yake unayaona kwenye viwanja vya mpira: kijana ana mwili wa kamera wa mwaka jana, shingoni kamba mpya yenye jina la kiwanda, na mbele lenzi ya duka iliyokuja na kamera, ikiishia milimita 105. Anapiga goli kutoka nyuma ya bango, kisha analikuza kwenye kompyuta mpaka mfungaji anafanana na mfungaji mwingine yeyote. Pembeni yake mzee mmoja ana 7D Mark II ya 2014 iliyokwanguka rangi na lenzi ndefu ya umri uleule. Gazeti litachapisha ya mzee.

Swali la matengenezo nalo lina bei yake. DSLR zilizokufa kweli, za maji na za kuanguka, mafundi wanazo na wanazichinja kupata shata, vioo na vifuniko. Mirolesi ya mwaka jana ikianguka, spea yake iko kwenye gala la mtengenezaji ng'ambo, na kamera inaweza kukaa huko zaidi ya msimu wa harusi.

Walioshawishika nawaomba wasichelewe. Wauze D500 zao, wauze 7D Mark II, wauze na ile EF 400 f/5.6 ya 1993 ambayo haina hata kitulizo cha mtikisiko na bado inachora unyoya mmojammoja. Kila anayeuza kwa hofu anapunguza bei kwa anayenunua kwa hesabu, na wilayani hapa vijana wa kununua wapo. Waje na chaja pia. Moja inatosha.